Kahawa vikombe viwili na bado nasinzia saa 6 usiku. Tatizo liko wapi?

KopeNzito:
Habari za usiku, wakuu. Mtihani uko wiki 3 mbele na muda wa kudurusu ni kuanzia saa 3 usiku hadi saa 8. Kuamka ni saa 12 asubuhi, hilo halibadiliki. Utaratibu wa sasa uko hivi: chakula cha usiku saa 2 na nusu, kahawa vikombe viwili saa 4, kisha kusoma kitandani kwa taa ndogo, simu pembeni kwa ajili ya kuangalia saa. Ikifika saa 6 kope hazibebeki, mstari mmoja unasomwa mara nne na hauingii. Cha ajabu, saa 8 taa ikizimwa usingizi nao unakimbia, macho makavu mpaka karibu saa 9.

Naomba kujua: kahawa inywewe saa ngapi na kiasi gani? Kulala kidogo kabla ya kuanza kunasaidia au kunaharibu? Na ule usomaji wa mstari mmoja mara nne unatibika, au ndiyo dalili ya kufunga kitabu?

Bundi_Mzee:
Ndugu, kahawa yako haijashindwa kazi. Imepewa kazi isiyo yake.

Usingizi wa usiku unasukumwa na vitu viwili. Cha kwanza ni kemikali iitwayo adenosini, inayorundikana kwenye ubongo kadiri unavyokaa macho na kupungua unapolala. Ukilala kwa muda wa saa 4 tu, unaamka ukiwa bado na deni, na siku mpya inaanza kurundika juu ya deni hilo. Cha pili ni saa ya mwili. Hii haijali umelala kiasi gani. Kwa mtu anayelala usiku huanza kukushusha mapema usiku na kufika chini kabisa kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri, wakati joto la mwili nalo liko chini.

Kafeini haiondoi adenosini. Inakaa tu kwenye vipokezi vyake, kama mtu aliyekalia kiti chako: wewe bado upo, umesimama mlangoni. Ndiyo maana deni likiwa kubwa kahawa unaiona ya uongo. Na kwa anayekunywa kila siku, ubongo huzoea, kikombe kikawa cha kumrudisha tu kwenye hali ya kawaida.

Sasa hesabu. Kikombe cha ml 240 cha kahawa ya kuchuja kina karibu mg 95 za kafeini. Kahawa ya kuyeyuka, kijiko kimoja cha chai, ni kama mg 60. Kikombe cha chai ya rangi ni mg 45 hadi 50, na kopo la ml 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu kwa kawaida ni mg 80. Kafeini hufika kilele kwenye damu baada ya dakika 30 hadi 60, kisha mwili huchukua takriban saa 5 kuondoa nusu yake. Kwa hiyo vikombe viwili vya saa 4 ni kama mg 190. Ukizima taa saa 8, damu yako bado ina zaidi ya mg 100, yaani ni kama umemaliza kikombe kizima ukiwa unapanda kitandani. Hapo ndipo usingizi wako unapokwenda.

Hizo saa 5 ni wastani tu. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango huweza kuchukua karibu mara mbili ya muda huo, mjamzito zaidi hasa miezi ya mwisho, na mvutaji sigara huimaliza haraka zaidi. Kwa hiyo usinakili ratiba ya kahawa ya mwenzako.

Ukomo: Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2015 iliweka mg 200 kwa mkupuo mmoja na mg 400 kwa siku nzima kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa mjamzito ni mg 200 kwa siku. Kwa watoto na vijana wasiofika utu uzima walipendekeza kukadiria kwa uzito, mg 3 kwa kila kilo kwa siku. Kijana wa kilo 50 basi anaishia mg 150. Makopo mawili tu ya vile vinywaji, tayari amepita.

Mikupuo midogo inafaa kuliko mkupuo mmoja mkubwa. Kikombe kimoja mapema, nusu kikombe baadaye. Vikombe viwili vikubwa kwa pamoja huleta mapigo ya moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na safari za chooni, na mtu anadhani yuko macho kumbe ana wasiwasi tu. Kusoma kwa wasiwasi ni kufungua kurasa.

Kalamu_Mbili:
Bundi amemaliza upande wa kahawa. Lakini mkuu, umejitaja mwenyewe kwenye sentensi moja: *kitandani, taa ndogo, simu pembeni*. Hata bila deni la usingizi hayo matatu yangekulaza.

Kitanda kwanza. Mwili umefundishwa kwa miaka kwamba hapo ni mahali pa kulala. Shingo ikiegemea mto, misuli inayokushikilia wima inaachia, na kulegea kwa misuli ni mwanzo wa usingizi. Kaa kwenye kiti kisicho na mahali pa kuegemeza kichwa, miguu ikanyage sakafu, kitabu kiinuliwe kidogo ili shingo isiiname. Meza ikikosekana, kiti na ubao juu ya mapaja kinatosha, ilimradi si kitanda.

Kuna jambo la miguu ambalo wengi hulipuuza. Miguu ikipata joto, mishipa ya damu ya nyayoni hutanuka, mwili unatoa joto nje, na joto la ndani likishuka usingizi unakuja haraka. Kwa hiyo blanketi au soksi miguuni wakati wa kusoma ni kujitega mwenyewe. Miguu iwe wazi, hata ikihisi ubaridi kidogo. Chumba nacho kisiwe na joto la kubana. Nyuzi 20 hadi 22 zinafaa. Kama mmefungiana watu watatu na madirisha yamefungwa, hewa inachakaa na vichwa vinakuwa vizito. Fungua dirisha hata kwa upana wa kiganja.

Taa ndogo inayomulika kitabu peke yake huku chumba kizima ni giza ina kasoro mbili. Macho yanachoka kwa kuhama kati ya ukurasa mweupe na giza, na ubongo unasoma lile giza kama ruhusa ya kutoa melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Washa taa ya juu, nyeupe, ing'aayo, kisha taa ya meza iongezewe hapo, ikitokea upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia ili kivuli cha mkono kisikae kwenye mstari. Ila mwanga huohuo unachelewesha saa ya mwili. Dakika 30 hadi 45 za mwisho zima ile nyeupe, baki na ya manjano hafifu. Usipofanya hivyo utarudi hapa kulalamika kwamba saa 8 macho makavu.

Simu: iweke chumba kingine, tumia saa ya mezani. Anayeangalia simu "kuona saa" haoni saa, anaona ujumbe.

Sasa mstari uliosomwa mara nne. Hiyo si lazima iwe uchovu wa ubongo wote. Mara nyingi ni aina ya kazi. Kusoma kimyakimya kwa macho ndiyo kazi rahisi zaidi kuilalia, kwa sababu hakuna kinachokudai jibu. Geuza kazi. Soma ukurasa mmoja au miwili, funga kitabu, chukua karatasi tupu na uandike kila unachokumbuka, bila kuchungulia. Kisha fungua, na kwa kalamu nyekundu jaza ulivyosahau. Hayo mekundu ndiyo ya kurudia kesho, mengine achana nayo. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha njia mbili hizi: dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma walifanya vizuri kidogo zaidi, wiki moja baadaye, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Kusoma tena na tena kunakupa hisia ya kujua, na mtihani haupimi hisia.

Panga masomo kwa ugumu na kwa mikono. Saa 3 hadi saa 5, yale mapya na magumu kuelewa. Kuanzia saa 5, yale yanayotaka kalamu: hesabu, michoro ya kuchora bila kutazama, maswali ya mitihani iliyopita. Kusoma sura mpya ya historia saa 7 usiku ni kumwaga maji kwenye mchanga.

Vipindi viwe dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, na ukiona miayo inafuatana, shusha hadi 15 kwa 3. Mapumziko ni ya kusimama, kutembea, kupanda na kushuka ngazi, kuangalia mbali kama mita 6 kwa sekunde 20 ili macho yaachie. Maji baridi usoni yanasaidia, ila ni dakika chache tu. Yatumie kuvuka hadi mwisho wa kipindi, usiyategemee kwa usiku mzima.

Alfajiri_Njema:
Mnamfundisha mtu kupigana na usingizi wakati angeweza kuukwepa. Lala saa 4 usiku, amka saa 10 alfajiri, soma mpaka saa 12. Umelala kwa muda wa saa 6 badala ya 4, na unasoma ukiwa na kichwa kipya. Kwisha.

Bundi_Mzee:
Alfajiri, hoja ina nguvu lakini haijakwisha. Kwanza, anabaki na saa 3 tu za kusoma badala ya 5, sema hizo 3 zinaweza kuwa na thamani zaidi. Pili, saa 10 alfajiri ndipo saa ya mwili iko chini kabisa. Mtu asiyezoea ataamka kimwili na ubongo ubaki kitandani nusu saa nzima. Tatu, vijana wa umri wa shule na chuo saa yao ya mwili huwa imesogea mbele: ukimwambia alale saa 4 atakodoa macho dari mpaka saa 6, kisha kengele imwamshe saa 10. Hapo amepoteza pande zote mbili.

Anayetaka njia hiyo asogeze kidogokidogo, dakika 15 hadi 20 kila siku, na asubuhi apate mwanga wa jua mara anapoamka. Kwa wiki 3 inawezekana, lakini ianze leo, isianze siku mbili kabla ya mtihani.

Ninapokubaliana nawe ni hapa: kama anaamka saa 12 asubuhi, basi saa 5 usiku tayari ametimiza saa 17 macho. Dawson na Reid mwaka 1997 walipima watu katika hali hiyo wakakuta uwezo wao wa kufuatilia kazi ya mkono na jicho umeshuka sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Kwa hiyo kila saa inayoongezwa baada ya hapo inapungua thamani. Ile ya mwisho, saa 7 hadi saa 8, ningeiuza kwa usingizi bila kufikiri mara mbili.

KopeNzito:
Asanteni sana. Swali la kulala kabla bado. Kuanzia saa 1 jioni kuna nafasi ya kujinyoosha. Tatizo ni kwamba ukilala saa moja nzima unaamka kama mlevi, kichwa kizito kuliko ulivyolala, na inachukua muda kurudi sawa. Sasa nilale au nisilale?

Nesi_wa_Zamu:
Lala, ila ubadilishe urefu. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90. Katika dakika 20 za mwanzo bado uko kwenye usingizi mwepesi. Ukiamshwa hapo unasimama ukiwa sawa. Baada ya nusu saa wengi wameshazama kwenye usingizi mzito, na kengele ikikukuta humo ndipo unapoamka na ulevi huo unaousema. Hudumu dakika 15 hadi 30, wakati mwingine zaidi kwa mwenye deni kubwa. Dakika 60 ndiyo urefu mbaya kuliko yote: ndefu kiasi cha kuzama, fupi kiasi cha kutoibuka. Kwa hiyo chagua dakika 15 hadi 20, au mzunguko mzima wa dakika 90.

Kwa muda wako, kuna mbinu waliyoijaribu Reyner na Horne kwa madereva waliochoka mwaka 1997, na inafaa hata mezani. Kunywa kikombe kimoja cha kahawa, kisiwe cha moto wa kuchoma, ukimalize ndani ya dakika 5. Jilaze mara moja, kengele iwe dakika 20 kuanzia unapojilaza, si kuanzia unapohisi usingizi. Kafeini inachukua muda kuanza kazi, kwa hiyo unaamka wakati inaingia, na usingizi huo mfupi umeshapunguza adenosini kidogo ili kafeini ipate nafasi. Usipopata lepe la usingizi, kulala macho yamefumbwa nako kunahesabika. Inapoharibika: watu hunywa taratibu kwa dakika 25 wakiongea, kisha hujilaza wakati kahawa imeshaanza; au huweka kengele karibu na mkono na kuizima wakiwa bado ndotoni. Iweke upande wa pili wa chumba. Ukiamka, washa taa zote na osha uso.

Chakula: saa 2 na nusu na sahani imejaa, kisha unakaa saa 3, mwili uko mezani kwa kazi nyingine. Kula saa 2 kamili au kabla, nusu ya kawaida yako, na ukihisi njaa saa 5 upate kitu kidogo. Mafuta mengi na wanga mwingi kwa pamoja ndivyo vinavyozamisha. Maji glasi moja kila saa au mbili, upunguze saa ya mwisho ili kibofu kisikuamshe.

Sasa ya kwangu ya kikazi, kwa ufupi. Dawa nyingi za mafua na mzio, kama klofeniramini, husinzisha. Soma karatasi ya dawa kabla ya kuilaumu kahawa. Anayesinzia mchana hata baada ya wiki ya kulala vya kutosha, au anayekoroma na kukabwa pumzi usiku, au mwenye uchovu na weupe wa ndani ya kope, huyo akapimwe; upungufu wa damu hautibiwi kwa kikombe. Mwenye shinikizo la damu, moyo unaoruka mapigo, au anayetumia dawa za kila siku, aulize kwanza kabla ya kuongeza kafeini. Vidonge vya kukesha vinavyouzwa mkononi, ikiwemo methilifenideti (dawa ya matatizo ya umakini) waliyoandikiwa watu wengine, msiviguse: huondoa usingizi lakini haviongezi uelewa, na moyo ndio unaolipa. Unga wa kafeini safi ndio mbaya kupita vyote. Kijiko kimoja cha chai kina kafeini ya vikombe 28 vya kahawa hivi, na kuna watu wamekufa kwa makosa ya kupima.

Dalili ya kufunga kitabu ni daftari lenyewe. Angalia mistari mitano ya mwisho. Ukiona herufi zinashuka chini ya mstari, neno limekatikia katikati, au kuna alama ndefu ya kalamu inayotoka pembezoni mwa karatasi, hapo ulipitiwa na usingizi wa sekunde chache bila kujua. Hakuna kinachoingia tena. Funga. Na asubuhi ya siku hiyo usiendeshe chombo chochote.

Kalamu_Mbili:
Nimeunganisha ya wote kwa ajili ya KopeNzito, abadilishe anavyoona:

Saa 1 jioni, kikombe kimoja cha kahawa na dakika 20 za kujilaza. Saa 2, chakula chepesi. Saa 3 hadi saa 5, somo gumu, kiti, taa ya juu, simu chumba kingine. Saa 4 kikombe kimoja cha chai ya rangi, na hiyo ndiyo kafeini ya mwisho. Kwa hesabu ya Bundi utafika saa 7 ukiwa na mg 70 na kidogo badala ya mia na zaidi. Saa 5 hadi saa 6 na nusu, maswali na hesabu, vipindi vifupi. Nusu saa ya mwisho taa ya manjano, na kazi moja tu: andika kwenye kipande cha karatasi vitu vitatu vilivyokushinda ili vikufungulie usiku unaofuata. Saa 7 lala. Ni saa 5 za usingizi, bado haitoshi, kwa hiyo siku mbili za wiki zisizo na ulazima wa saa 12 asubuhi, lala zaidi, lakini usizidishe saa moja au mbili la sivyo saa ya mwili inahama.

Usiku wa kuamkia mtihani ratiba hii haitumiki. Usiku huo acha kitabu saa 4.

KopeNzito:
Nimeelewa. Soksi nitazivaa saa 7 sasa, si saa 3.

Kalamu_Mbili:
Umeshika. Ukiingia kitandani ndiyo uzivae, miguu ipate joto ukiwa tayari kulala.